Nguo Zako Zinafia Wapi? Mwongozo wa Kununua Mavazi Wakati wa Ukata

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Ninunue mpya ya bei ya chini au mtumba wa kitambaa kizuri? Nitajuaje kama hii haitachuja? Mbona suruali zangu hazimalizi mwaka? Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nayaandika yote kwa mkupuo.

Nianze na hilo la suruali, maana ndilo linalofungua mengine. Nguo haichakai yote kwa pamoja. Inafia mahali pamoja: kwapani, kwenye msamba, kwenye kola, kwenye kiwiko, kwenye mpira wa kiuno, kwenye zipu. Shati linatupwa mgongo ukiwa mzima, mikono mizima, mifuko mizima, kwa sababu tu ya eneo lisilozidi kiganja. Ukishajua zako zinafia wapi, unajua pa kuangalia kabla hujatoa hela.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Muda wa kama saa mbili nyumbani. Siyo dukani, nyumbani.
- Utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani.
- Kipande cha kitambaa cheupe. Leso kuukuu inatosha.
- Pa kuandikia, iwe daftari au simu.
- Shati moja na suruali, sketi au gauni moja linalokukaa vizuri kuliko yote. Hivi ndivyo vipimo vyako.
- Kiasi cha fedha ulichokwisha kukitenga. Kama kodi ya nyumba bado inakukodolea macho, fanya hatua ya 1 na ya 2 tu. Hatua ya 1 haina gharama, na ya 2 inataka hela kidogo sana.

Hatua ya 1: Toa nguo zote nje

Zote. Na zile za chini kabisa ya tenga, na lile koti lililo nyuma ya mlango. Zimwage kitandani, kisha zigawe mafungu matatu: zinazovaliwa, zilizokufa, na zinazokaa tu.

Fungu la tatu ndilo litakalokutia aibu. Mimi nilikuta mashati manne ya buluu iliyoiva, karibu yafanane kama mapacha, na kila moja nililinunua nikiwa na hakika kwamba sina shati la buluu. Bandu bandu huisha gogo. Yale manne yangekuwa koti zuri la kazini.

Sasa njoo kwenye zilizokufa. Zigeuze nje ndani, moja moja, uandike palipoharibika. Orodha yangu ya mara ya mwisho ilikuwa hivi: jinzi, msamba. Jinzi nyingine, msamba. Suruali nyeusi, zipu. Shati la kijivu, kola. Tisheti nyeupe, kwapa la njano. Soksi, kisigino, zote.

Kila kifo kina sababu yake. Msamba unaliwa na mapaja yanaposuguana ukitembea, na ukiwa na mapaja manene kama mimi hilo haliepukiki. Kola inaliwa na jasho la shingo na ndevu zinazoanza kuota. Kwapa la njano linatokana na jasho linapokutana na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho. Mpira wa kiuno unauawa na joto: maji moto, mashine ya kukaushia, jua kali. Ukiona sababu ile ile inajirudia mara tatu, hiyo ndiyo unayokwenda kupambana nayo dukani.

Hatua ya 2: Fufua zinazofufuka

Kifungo, pindo lililofumuka, mpira uliolegea na zipu iliyokufa ni kazi ndogo kwa fundi, na mbili za kwanza utazimudu mwenyewe kwa sindano na uzi. Kuna na jambo ambalo vijana wengi hawalijui: kola ya shati iliyochanika kwenye mkunjo inaweza kubanduliwa, ikageuzwa upande wa ndani ukaja nje, ikashonwa tena. Fundi mzoefu anaijua kazi hiyo.

Msamba usiusubiri utoboke. Inua suruali kwenye mwanga, na ukiona kitambaa kimekuwa chepesi kama chandarua, tia kiraka cha ndani siku hiyo hiyo. Kiraka kinachowahi hakionekani. Kinachochelewa kinaonekana na kila anayekufuata kwenye ngazi.

Zingatia: kuna nguo ambazo zimekwisha kweli. Vuta kitambaa pembeni ya tundu. Kikichanika kama karatasi, uzi wenyewe umeoza na kiraka hakitapata pa kushika. Ifanye matambara ya kufutia vumbi.

Hatua ya 3: Andika mapengo

Angalia fungu la zinazovaliwa ujiulize nini kinakosekana ili zilizobaki zifanye kazi. Kisha andika kwa ukamilifu. "Suruali" haitoshi. Andika: "suruali nyeusi ya kazini, inayovumilia kufuliwa kila wiki, isiyohitaji draiklina, inayokwenda na mashati matatu niliyo nayo." Kitu ambacho hakiendani na angalau nguo tatu ulizo nazo kitakudai ununue kingine cha kukisindikiza.

Ukitaka kuonja nidhamu hii ilivyo kali, fikiria Uingereza ya vita vya pili vya dunia. Nguo zilianza kugawiwa kwa kuponi Juni 1941, na mgao huo haukuisha mpaka Machi 1949, vita vikiwa vimemalizika zamani. Mwaka wa kwanza mtu mzima alipewa kuponi 66, na suti ya kiume peke yake ilikula 26: koti 13, suruali 8, kizibao 5. Hela ulikuwa nazo au hukuwa nazo, kuponi zikiisha zimeisha. Mimi hujiwekea vitu sita kwa mwaka, mbali na soksi na nguo za ndani. Mwaka uliopita nilifika saba, na la saba ndilo silivai.

Hatua ya 4: Gawa bei kwa siku za kuvaa

Chukua shati la 20 na shati la 50, kwa sarafu yoyote uitakayo. La 20 linavaliwa mara 8 kabla kola haijajikunja kama jani kavu: kila uvaaji 2.5. La 50 linavaliwa mara 100: kila uvaaji 0.5. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo tu.

Lakini jihadhari nayo, kwa sababu watu huitumia kujidanganya. "Nitalivaa mara 200" ni ndoto mpaka uihakikishe. Nguo inayovaliwa mara moja kwa wiki inavaliwa mara 52 kwa mwaka, basi. Ya sherehe huenda ikavaliwa mara tatu. Na bei kubwa nayo haina ahadi. Kuna nguo za ghali zilizoshonwa ovyo, jina ndilo lililouzwa. Ongeza pia gharama ya matunzo, maana koti linalodai draiklina kila mwezi litakugharimu kupita bei yake lenyewe.

Hatua ya 5: Dukani, mikono kwanza na bei baadaye

Hapa ndipo penye kazi. Usigeuze kibandiko cha bei kabla hujamaliza kuikagua nguo, kwa sababu bei ikishaingia kichwani macho hayaoni tena.

*Soma lebo ya kitambaa.* Pamba inanyonya jasho na inapumua, ila inajikunja na inaweza kusinyaa. Polista ni ngumu, inakauka upesi, haitaki pasi sana, lakini inashika harufu ya jasho na siku ya joto utajuta. Mchanganyiko wa polista 65 kwa pamba 35 ndio utakaoukuta kwenye sare nyingi za kazi, na kwa sababu nzuri: unadumu. Viskosi ni laini na inaanguka vizuri mwilini, lakini ikilowa inapoteza nguvu, kwa hiyo usiisugue wala kuisokota wakati wa kufua. Kwenye jinzi, elasteni (uzi unaovutika kama mpira) ya asilimia 2 hivi inatosha kukuwezesha kuchuchumaa. Mimi zaidi ya hapo huwa naiachia mwenye duka; magoti hulegea na hayarudi.

*Inua kwenye mwanga.* Tisheti ambayo unauona mkono wako kupitia matabaka yake yote mawili haitafika mbali.

*Kunja ngumi.* Kamata kitambaa kiganjani, kibane, hesabu mpaka 10, achia. Kikibaki na mikunjo kama karatasi iliyofinyangwa, hivyo ndivyo utakavyoonekana kila siku ifikapo mchana.

*Geuza nje ndani.* Hakuna kipimo kinachoshinda hiki. Nguo huvaliwa nje ila husema ukweli ndani. Weka utepe juu ya mshono uhesabu: kwenye shati, mapigo ya sindano 4 au 5 kwa sentimita ni kazi nzuri, chini ya 3 ni kazi ya haraka. Kisha shika vipande viwili vinavyokutana uvivute taratibu kila upande. Ukiona nyuzi zimejipanga wazi kama vidato vya ngazi, mshono huo utaachia. Kingo za ndani ziwe zimepigwa ovaloki (mshono wa mashine unaozungushia ukingo) au zimekunjwa na kushonwa. Zikiwa zimeachwa tupu zitafumuka.

Sasa nenda pale zako zinapofia. Kwangu ni msamba, kwa hiyo suruali naitia mkono ndani mpaka mishono minne inapokutana, naikandamiza kwa kidole gumba. Nataka nione mshono wa mara mbili. Kisha naangalia akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, pale kwenye makalio. Ikiwepo sentimita 2 au zaidi, fundi ataweza kuiongeza nikinenepa. Ikiwa nusu sentimita, nikinenepa nimekwisha.

*Pandisha na shusha zipu mara nne.* Inayokwama mpya itakwama zaidi ikizeeka. Watu wengi hutafuta herufi YKK. Ni kampuni ya Kijapani iliyoanza 1934 na zipu zake zinasifika kwa haki, ila herufi hizo zimeigwa sana, na hata zikiwa za kweli hazikushona suruali.

*Sugua leso.* Omba ruhusa, lowesha kidogo ile leso nyeupe, sugua upande wa ndani wa pindo mara kumi. Rangi ikihamia kwenye leso itahamia pia kwenye nguo zako nyingine, na kwenye kiti cha mtu. Jinzi nzito ya buluu isikutishe sana; rangi yake hukaa juu juu ya uzi, kwa hiyo lazima itoe kidogo mwanzoni.

Kwenye mtumba, fanya yote hayo, kisha ongeza matatu. Nusa kwapa. Vuta kila mpira: ukilia kama mchanga au usiporudi, umekufa. Na ngozi bandia, koti au viatu au mkoba, ikunje uangalie kwenye mkunjo. Ngozi bandia nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya poliurethani, ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu hata ikikaa kabatini bila kuvaliwa. Ukiona vinyufa vyembamba kama nywele, itabanduka magamba wiki chache zijazo, hata kama mwenye nayo wa kwanza hakuivaa hata siku moja.

Lebo imekatwa na hujui ni kitambaa gani? Nunua kama vipimo vingine vimepita, kisha nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye akiba ya mshono, ushike kwa kibano juu ya beseni la maji, uuwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuganda kitone kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Kwa ajili ya Mungu, usilifanye hili dukani.

Hatua ya 6: Ivae, na usisimame tu

Kioo cha dukani kinakuona umesimama wima, tumbo ndani. Maisha hayako hivyo. Keti. Chuchumaa. Inua mikono juu kama unayechukua kitu rafuni. Funga kamba za viatu. Shati likichomoka lote kiunoni au suruali ikikukata tumbo, jibu umelipata.

Kama hakuna pa kujaribia, tandaza nguo juu ya kile kipimo chako na utumie utepe: kwapa hadi kwapa, kiuno, urefu. Namba ya saizi usiiamini, kila kiwanda kina yake.

Inayopwaya kiunoni au kuzidi urefu, chukua, fundi atapunguza. Inayopwaya mabegani, iache, kwa sababu kurekebisha bega ni karibu sawa na kulishona koti upya. Na pamba mpya iachie nafasi: ikisinyaa asilimia 3, suruali ya urefu wa sentimita 100 imepoteza 3, nawe umebaki na vifundo vya miguu nje.

Hatua ya 7: Punguzo, mkopo na ununuzi wa mtandaoni

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nguo iliyopunguzwa bei mara tatu imekataliwa na watu wengi kabla yako, na huenda walikuwa na macho. Iandame tu kama imo kwenye orodha yako na imepita hatua ya 5. Punguzo lenye maana ni la mwisho wa msimu: sweta joto linapoanza, nguo nyepesi baridi ikiingia.

Nguo kwa malipo ya kidogo kidogo, hapana. Nilishawahi kulipia viatu miezi minne, na soli iliachia mwezi wa tatu.

Mtandaoni, omba picha ya nje ndani na picha ya lebo, na vipimo kwa sentimita. Soma masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, hasa nani analipa nauli ya kurudisha. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya mishono ameshakujibu.

Hatua ya 8: Kufua mara ya kwanza

Funga zipu, geuza nje ndani, tumia maji baridi, peke yake. Anika kivulini, jua kali hupausha. Usihangaike na chumvi au siki ya "kufunga rangi", haifungi rangi iliyokwisha kutiwa kiwandani.

Alama za lebo ni rahisi: namba ndani ya beseni ni nyuzi joto za juu kabisa za maji, pembetatu iliyopigwa alama ya X inakataza dawa ya kung'arisha, nukta moja kwenye pasi ni joto la chini na tatu ni la juu.

Mambo yakienda kombo

*Imechujia nguo nyingine.* Usizikaushe wala kupiga pasi, joto litaigandisha rangi. Zirudishe majini zikiwa bado mbichi, ufue tena mara moja, ikibidi mara mbili.

*Sweta la sufu limesinyaa na kuwa gumu.* Nyuzi zimeshikamana, halirudi. Pamba iliyosinyaa ina matumaini kidogo: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye kondishena ya nywele (siyo dawa ya kunyoosha nywele), ivute taratibu ikiwa mbichi, iache ikauke imelala.

*Imeota vitonge vya nyuzi.* Tandaza mezani ikiwa kavu, ivute iwe tambarare, pitisha wembe wa kunyolea kwa mkono mwepesi. Usiving'oe kwa vidole, unavuta nyuzi nyingine.

*Zipu inafunga kisha inaachia nyuma.* Kichwa chake kimepanuka. Kibane kidogo kila upande kwa koleo, kidogo sana, ujaribu. Ikiwa ni ngumu tu, pakaza nta ya mshumaa kwenye meno.

*Mtumba haukubali kuacha harufu.* Loweka usiku kucha kwenye maji yenye siki, kisha fua kwa sabuni. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

*Orodha ina vitu vitatu na hela inatosha kimoja.* Nunua kile kitakachovaliwa siku nyingi zaidi kwa wiki. Vikilingana, viatu vitangulie, kwa sababu suruali yenye kiraka inatembea, kiatu kilichoachia soli kinakusimamisha njiani.